Mti wa Fuerte Mpakani Kanyakine

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae chini nitazame ua. Nilikuwa nimetoka sekondari juzi, miguu inaniwasha, nikidhani nimeajiriwa kubeba mizinga. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha nyuki kufuata maua: maembe kule Mbeere, avokado huku Imenti, makadamia Embu. Msimamizi wa Mizinga, mzee mwenye sauti ya kwaya, alinivutia tawi la avokado aina ya Hass.

"Asubuhi hii ua ni jike, linapokea chavua. Litafunga. Kesho mchana litafunguka likiwa dume, litoe chavua. Fuerte, ile aina nyingine, hufanya kinyume. Kwa hiyo asubuhi Hass anamhitaji Fuerte, na nyuki ndiye mshenga."

Kituo ninachokikumbuka zaidi ni Kanyakine, kwa Mama Kendi. Alipanda Hass tupu: maua tele, matunda haba. Aliapa kwamba maua yakipukutika bure tena msimu huo, angeng'oa miti yote arudie mahindi. Mti wa pekee wa Fuerte ulikuwa wa shemeji yake Mutwiri, mpakani, na tulipofika tulimkuta ameshaleta msumeno.

"Mabroka wanaonunua avokado hawataki Fuerte," akasema. "Na unatilia mahindi yangu kivuli."

"Ngoja basi maua yaishe, shemeji."

"Kwani mimi ndiye mume wa miti yako?"

"Wewe hapana. Mti wako ndio. Wewe hata nyuki wanakukwepa."

Tukaangua kicheko, na Mutwiri akacheka bila kupenda. Msimamizi akaona mwanya. "Kata matawi ya upande wa mahindi tu. Upande wa shemeji uache." Akakata, akinung'unika kwa kila tawi.

Tuliporudi kuchukua mizinga, vitunda kama maharagwe vilikuwa vimeshika. Mama Kendi akaniomba nikae nivione vikikomaa. Lakini lori lilikuwa linanguruma, wenye makadamia wanatungoja, nami sikujua kukaa.

Sasa mgongo umenistaafisha kabla sijafika miaka hamsini. Vijana mnaoniuliza habari za uchavushaji, jueni kwamba kazi yetu iliishia pale tunda lilipoanza. Sikuwahi kuona shamba hata moja likivunwa.

Wiki jana, sokoni Nkubu, Mama Kendi aliniwekea mkononi Hass moja, nzito, ngozi nyeusi.

"Miti ipo," akasema. "Shemeji naye bado ananung'unika."

Nikaila pale pale nimesimama, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshauliza magari ya Kanyakine hupakia wapi.