Bastola ya Mikono Midogo

Jumamosi, katika duka moja la uwindaji na uvuvi huku ughaibuni, Etobicoke, nilipanga foleni nyuma ya mama mzee wa Kitanzania. Alikuwa akijaribu bastola za upepo, zile za kulengea shabaha. Tatu zilimshinda, kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Muuzaji, kijana wa Mombasa, akamletea ya nne.

"Hii imenikaa. Lakini macho, kijana wangu! Nikikitazama hiki kinundu cha mbele cha kulengea, karatasi ya shabaha kule ukutani inaingia ukungu."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Jicho libaki kwenye kinundu. Unacholenga kiwe ukungu tu."

Akaishusha polepole. "Na kama ni mtu?"

Kijana alikohoa. "Hata mtu, mama."

"Basi yule aliyempiga risasi mwanangu hakudanganya mahakamani. Alisema hakumwona uso."

Akailaza mezani, mdomo ukielekea ukutani kama alivyofundishwa, akachukua mkoba wake, akatoka.

Ninyi wasomaji wa safu hii mnaoniandikia kwamba kulenga shabaha ni mchezo kama michezo mingine, leo sibishani nanyi. Mimi nilikuwa nimefuata ndoano za samaki, na zamu yangu ilipofika niliona haya kuuliza zipi ni kali.