Manowari Yangu Bwawani

Mimi ni fundi wa karakana ya reli hapa Nakuru, na kwa mikono yangu mwenyewe nimeunda manowari ya mabati, ndefu kama kitanda, inayoongozwa kwa redio. Jumamosi iliyopita nilimwita msimamizi wetu mzungu aje kuiona bwawani nyuma ya karakana. Ikimpendeza, angenihamishia idara ya redio.

Kile kisanduku cha kuiongozea nilikiona chepesi mkononi. Nikadhani nimepata nguvu.

Nikabonyeza kitufe, meli ikaondoka. “Sasa inaenda kwa ile miti,” nikatangaza, na kweli ikaelekea huko. Majirani wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakapiga makofi.

“Mbona haina kelele?” msimamizi akauliza.

“Injini nimeifunga vizuri, bwana.”

Akanipa mkono. “Jumatatu njoo ofisini.”

Kabla hajauachilia, mke wangu akafika na kikapu, akihema. “Baba Otieno, umesahau betri ulizoanika kwa paa zipate nguvu. Nimekuletea zote, za meli na za kisanduku.”

Msimamizi aliuachilia mkono wangu, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu kuona upepo unavuma kwenda wapi.

Ulikuwa unavuma kwenda kwa ile miti.