Nimekunywa mbele ya mama mkwe

Leo mimi, dume la Koboko, nimekunywa mbele ya mama mkwe. Msinicheke bado.

Mimba ya bibi yangu Zubeda ilipitisha siku. Hapa hospitali Arua, sista akamfungia dripu ya kuanzisha uchungu.

Akanionya mimi, kichwa ya nyumba: "Hii uchungu itakuja kali. Dawa ya miti, hata tone moja, hapana. Ikikutana na hii dripu, kizazi inaweza kupasuka."

Akaenda kwa mgonjwa ingine.

Mama mkwe akatoa chupa ya chai, akamimina. Haikuwa chai. Harufu ya mizizi ilinifikia pale mlangoni.

"Kunywa, mwanangu, mtoto atoke haraka."

Zubeda jasho inamwagika, meno ameuma. Mkono yake tayari iko kwa kikombe.

Sasa kwetu, nani anamkataza mama mkwe? Hata usoni hatumtazami. Kula ama kunywa mbele yake ni aibu ya ukoo mzima. Na sista iko mbali.

Nikanyakua kikombe. Nikakunywa yote nikiangalia ukuta. Nikamaliza na chupa.



Mama mkwe akajifunika leso. "Kwani huyu ndiye anazaa?"

Jioni Zubeda amepata msichana. Wote wazima.

Mwenye tumbo inakata sasa ni mimi. Naandika hii nikiwa chooni.

 Mama mkwe ametuma uji, imeachwa hapa nje ya mlango.

Wazee wa Koboko, hii uji nakunywa, ama nalipa mbuzi ya faini kwanza?