Mama Aliponiita Porini, Nilinyamaza

Mama yangu aliniita mara kumi na moja, nami sikuitika.

Nilimsikia vizuri. Alikuwa karibu, kama hatua hamsini. Sikuitika, na sijutii.

Msinitukane kwanza. Sikilizeni.

Ulikuwa mwaka wa nne wa vita vya kumtoa Mreno. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu ni upande wa Olumbi, kusini ya mto Ruvuma. Askari walikuwa wanakusanya watu wote kwenye aldeamento, kijiji kilichozungushiwa senyenge, ili tusiwapelekee wapiganaji chakula.

Sisi mabinti tisa hawakutupata. Tulikuwa porini, unyagoni, na kungwi wetu Bibi Atija.

Wazee wakamtumia ujumbe: "Vunja unyago, hali mbaya."

Akacheka. "Mreno ndiye wa kunipangia siku ya kumtoa mwali? Thubutu!"

Basi tukabaki.

Alitufundisha kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini, bila kuua mmea wake. Kufukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatoke. Kukaa kimya kutwa nzima. Njaa ikituuma, anasema, "Si mlitaka ukubwa? Tafuneni!"

Halafu anamega fungu lake mwenyewe, anampa Ermelinda, binti Mkristo aliyekimbia vita huko uwanda wa juu, hana ndugu hata mmoja pale. Anampa bila maneno. Niliona.

Na siku ya kwanza kabisa alituzikia majina ya utoto. Kila mmoja akapewa jipya.

"Ukiitwa lile la zamani, usiitike. Huyo amekufa."

Siku ya ishirini, jua limeshapanda, tukasikia mabuti.

Tukalala chini kichakani.

Kisha sauti. Ya mama.

"Latifa! Latifa weee! Njoo mwanangu, hawana ubaya!"

Jamani, moyo wangu! Siku ishirini sijamwona. Nikainua goti. Ningesimama, wangetubeba wote tisa, na Bibi Atija wangempiga risasi palepale.

Ermelinda akanishika mkono, akaninong'oneza: "Shoga, Latifa ndiye nani?"

Nikamtazama Bibi Atija. Hakunizuia. Alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu mzima mwenzako.

Nikarudisha goti chini.

Mama akaita tena. Na tena. Nilihesabu zote, nimeuma kanga yangu isinitoke sauti.

Mwisho askari wakachoka, wakaondoka naye.

Tulitembea siku nane mpaka Ruvuma, tukila tulichochimba. Tisa tuliingia porini, tisa tukavuka.

Mama nilimwona tena Mreno alipoondoka. Miaka saba! Nikaanguka miguuni pake.

"Mama, nisamehe. Siku ile nilikusikia."

"Nikusamehe nini, we mtoto? Kwani jina lako jipya mimi sikulijua?"

Akaniinua.

"Mama wa mwali huletewa jina siku ileile linapotolewa. Bibi Atija aliniletea mwenyewe, akaninong'oneza sikioni. Askari wakasema, mwite. Nikaita lile tulilozika. Ulivyonyamaza, wakanipiga kofi. Nikaita tena kwa nguvu zaidi, ili ujue kabisa kwamba mama yako anasema usije!"

Makofi kumi na moja. Sikio lake la kushoto halikusikia tena mpaka anaingia kaburini.

Siku hizi nawasoma humu mitandaoni. Unyago ushamba, porini kuna nyoka, watoto watateseka.

Nyoka wapo, ndiyo. Lakini mtoto aliyeishinda njaa yake mwenyewe, akakaa na hofu yake mchana kutwa, huyo hababaishwi na mwenye bunduki wala mwenye maneno matamu. Mpeni tu mtu anayempenda wa kwenda naye.

Wajukuu zangu watatu wanaingia porini mwezi ujao, kungwi ni mimi. Anayetaka kutukataza, karibu. Aje kwa miguu, na maji ajitafutie mwenyewe.