Mutobe Uliolewa Njiani

Baba yangu hakuwahi kuharakisha jambo lolote. Alichelewa kanisani, alichelewa kwenye shamba la kahawa la Mzungu aliyemwajiri, na mama alipenda kusimulia kwamba hata siku ya ndoa yao alifika wageni wameshaanza kula. Kufa tu ndiko alikofanya haraka. Alirudi mchana akisema kichwa kinamuuma, akaomba maji, akaketi kwenye kigoda chake. Mama alipotoka jikoni na kikombe, hakukuwa na wa kukipokea.

Mimi nilikuwa binti mkubwa, nikifuatwa na wadogo watatu. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha karibuni, na sisi tuliishi Masisi, upande ambako vilima vinaanza kuteremka kuelekea msitu wa Walikale. Nilimkasirikia baba kwa muda mrefu kuliko nilivyomlilia. Mtu aliyechelewa kila mahali angeshindwaje kuchelewa na huko?

Matanga yalipoisha, baba mdogo alituita. Desturi ilimpa haki ya kumchukua mke wa kaka yake pamoja na watoto. Mama alimjibu kwamba yeye ni mke wa ndoa ya kanisa na atabaki mjane. Baba mdogo hakubishana sana, maana alikuwa na wake wawili tayari na wote wawili walijua kufoka.

"Sawa, Mama," alisema. "Lakini batoto ni ba ukoo. Siku nitakuta chungu yako haina chumvi, nitabagawanya. Huyu aende Kashuga, huyu aende Burungu, huyu aje kwangu."

Tangu siku hiyo akawa mkaguzi wa chungu chetu. Cha ajabu, ukaguzi wake uliangukia saa ya chakula kila mara. Alifunua, akaonja, akakunja uso kama mtu asiye na hakika, akaonja tena. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akinishika nguo kwa nyuma mpaka mzee aseme kwamba chumvi imo. Tulicheka alipoondoka, lakini wakati anaonja hakuna aliyecheka.

Chumvi ilitaka pesa, na mshahara wa baba ulikuwa umezikwa naye. Tulichokuwa nacho ni ndizi. Kwa watu wetu, mwenye ndizi hutengeneza kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na shida yake inapungua. Lakini mama alikuwa Mprotestanti wa kweli, kiongozi wa nyimbo za akina mama, na kasiksi hata jina lake hakulitaja. Aliiita "ile kitu". Kilichoruhusiwa nyumbani ni mutobe, maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa leo leo, ambayo hata mtoto mchanga huonjeshwa.

"Tutauzisha mutobe," mama alisema. "Kule chini kwa kambi ya mgodi, bantu iko na mushahara na hawana shamba."

Basi tuliivisha ndizi ndani ya shimo, tukazikamua kwa majani makavu, tukachuja. Wadogo walikamua, mimi nilichuja. Kuosha vibuyu na kumimina ilikuwa kazi ya mama peke yake, hakutaka msaada. Nilimwona akinyunyiza unga wa mtama uliokaangwa ndani ya kila kibuyu, nikamwuliza ni wa nini.

"Ya kutosha harufu ya kibuyu, itoke yote," alijibu.

Niliamini. Ungemshukuje mwanamke asiyetaka hata kutaja jina la pombe?

Niliteremka na akina mama waliokuwa wakipeleka maharagwe, kapu mgongoni, kamba ikinikata paji la uso. Tulilala njiani kwa jamaa wa mmoja wao. Kesho yake, tukiwa katikati ya msitu, vibuyu vyangu vilianza kunong'ona. Kizibo kimoja kikaruka, povu likanishuka shingoni. Akina mama walitazamana, wakajifanya wanaangalia ndege.

Kwenye lango la kambi alisimama kapita, msimamizi wa wafanyakazi, mtu wa masharubu makubwa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuzuia pombe isiingie.

"Weye binti, umebeba nini?"

"Mutobe, Papa."

Alionja. Akafumba macho. Akaonja tena, safari hii kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake.

"Hii njo mutobe kabisa," alisema, akipangusa masharubu. "Ipite."

Kabla jua halijatua wanaume walikuwa wakiimba, na mmoja alimkumbatia mwenzake akimwita mama yake. Hapo nikaelewa kwamba njia ilikuwa imeugeuza mutobe wa mama kuwa ile kitu. Nilitaka kuumwaga uliobaki. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu anayenishika nguo, nikauuza wote. Nilirudi na chumvi, mafuta ya mawese na kipande cha kitambaa.

"Bantu banapenda mutobe yako, Mama," nilimwambia.

"Mungu abariki," alisema, akiyatazama mafiga.

Nikaapa kwamba mama hatajua kamwe. Niliwaonya wenzangu wa safari wasiropoke mbele yake. Nilijiona jasiri sana, mlinzi wa mjane asiyejua ulimwengu, na safari baada ya safari nilimletea salamu za wapenzi wa mutobe huku nikicheka moyoni.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, tumbo lake. Jumapili za kawaida aliimba mpaka mzee wa kanisa akasahau neno alilotaka kusema. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mkono tumboni, na mkate ulipoanza kupita alitoka nje.

"Mama, hii tumbo yako inajua kalendari," nilimtania.

"Nyamaza, mutoto."

Nilimhurumia, nikamchemshia majani ya mululuza, dawa ambayo hata mbuzi huikimbia. Alikunywa kikombe chote. Nilifanya hivyo kila Meza ya Bwana, kwa miaka.

Baba mdogo alionja mpaka akanenepa, na hakuikuta siku ya kutugawanya. Mdogo anayenifuata alianza kazi ya kupasua mbao, na mimi nikaolewa upande wa Itebero na mpwa wa yule kapita, ambaye alisema si vizuri mutobe kama ule kukaa mbali na familia.

Mama mkwe, mpishi hodari wa kasiksi, alinitaka niutengeneze ule mutobe. Nilikamua, nikachuja, nikauacha siku zile zile za njia. Alionja, akatema.

"Uliweka mutama ya kukaanga?"

"Ya nini?"

"Sasa pombe itaamushwa na nini? Na njia?"

Alicheka mpaka akaita majirani. Nami nilicheka, kisha nikakumbuka tumbo. Nililia palepale mbele ya wageni. Hakuna mzee wa kanisa aliyemtenga mama yangu. Alijitenga mwenyewe, miaka yote ile, ili tule chungu kimoja.

Nilirudi nyumbani na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, Jumapili ya Meza ya Bwana. Mama alikuwa benchi la mbele. Walipoitwa, alisimama kabla ya wote.

Tulipotoka nje nilimwuliza, "Na tumbo, Mama?"

Alimchukua mtoto, akamweka begani.

"Ilipona. Ukisha kuolewa, nilivunja bibuyu yote." Akampigapiga mjukuu mgongoni. "Lakini ile dawa yako, mwanangu, ilikuwa uchungu sana."