Kandida atibu mbwa minyoo, mumewe awashika kwa wivu

IFAKARA, 1912. Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya mashamba ya mpunga, na tayari uani kwa Kandida mbwa wanabweka hadi majirani wanaguna. Kandida ametwanga mbegu za maboga na za papai, akatia mafuta ya mbarika. Sasa anavikoroga na maji ya uvuguvugu ndani ya kibuyu kidogo, ananusa, kisha anaita: "Haya, leteni huyo mwenye tumbo!"

Mwenye tumbo ni mbwa wa mvuvi Kelestini, mbavu zote nje. Lakini Kelestini haruhusiwi kuvuka mlango wa ua. Mbwa anapokelewa hapo na Donati, mume wa Kandida, ambaye anapiga goti, anambana mbwa kati ya mapaja na kumpanua taya.

"Mbwa hapa nashika mimi," anasema Donati, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mwenye mbwa asubiri nje."

"Ana wivu huyu!" anacheka Kandida, huku akimimina dawa pembeni mwa taya. "Usimwone kapiga goti hivyo."

Bonde hili bila mbwa, mpunga wote ni wa nguruwe mwitu. Mbwa mwenye minyoo hamfukuzi nguruwe, analala tu kivulini. Paka naye akikonda, panya wanahamia ghalani. Ndiyo maana watu humletea Kandida kibaba cha mchele kwa kila mbwa, na nusu kibaba kwa paka. Mwaka huu nyumba yake imekula mpaka mavuno mapya, jambo ambalo tangu vita vya miaka saba iliyopita halijawahi kutokea.

"Dawa ni nusu ya kazi," anasema. "Mavi yafukieni mbali na watoto wanapocheza. Matumbo ya samaki na ya nguruwe msiwatupie mabichi, chemsheni kwanza. Na mwezi ukiandama, mrudisheni anywe tena. Wanaitikia ndiyo, ndiyo, wakifika kwao wanatupa utumbo ule ule!"

Hapo mwanzo kila mtu alishika mbwa wake mwenyewe, na hapo ndipo moto ulipowaka. Ili dawa iingie, Kandida na mwenye mbwa walipiga magoti wakitazamana, mbwa katikati, vichwa karibu vigusane. Siku moja Donati alitoka shamba akamkuta Kelestini katika hali hiyo.

"Damu ilinipanda kichwani," anasema Donati. "Mwanamume mzima kampigia magoti mke wangu, na wanacheka! Na mbwa mwenyewe anaitwa Semeni. Jina hilo anampasha nani kama si mimi?"

Ni kweli kwamba watu wa huku humpa mbwa jina la kumpasha jirani. Kelestini, kutoka nje ya ua, anaapa kwamba jina lile alimkusudia mama mkwe wake. Donati haamini mpaka leo.

Siku hiyo hakungoja hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa akida, mkubwa wa serikali hapa, kushtaki. "Shikamoo, Bwana Akida," alisema mbele ya watu. "Mke wangu anawapa wanaume dawa ya maji uani kwangu, na wao wanampigia magoti."

Masikini Donati! Alikuwa na maana ya dawa ya mbwa, ile ya kumimina. Lakini dawa ya maji, katika nchi hii, baada ya vita vile ambavyo watu walikunywa maji ya dawa wakiamini risasi haitawaingia? Akida akainuka na askari wake, Donati nyuma yao. Mara askari wakaingia uani wakakuta kibuyu, maji na mbegu, vitu vile vile walivyofundishwa kuvitafuta. Wakamfunga Kandida kamba, apelekwe bomani Mahenge.

"Nilijua sirudi," anasema Kandida, na sasa hacheki. "Baba yangu mdogo alipelekwa Mahenge kwa neno hilo hilo. Hatukumwona tena."

Donati alipiga kelele kwamba ni dawa ya mbwa. Nani angemsikiliza? Basi akakinyakua kibuyu mkononi mwa askari, akakinywa chote.

"Haya, nipigeni risasi!" alisema. "Nitakufa kama mtu yeyote. Hii ni dawa ya minyoo!"

Akida akaamuru wangoje. Haikuchukua muda, tumbo la Donati likaanza kunguruma, akashika suruali na kukimbilia vichakani. Akida alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kamba ikafunguliwa, kisha akamvuta Kandida kando na kumuuliza kama hata paka hutibika.

"Alitaka kuniua kwa wivu, halafu akataka kufa badala yangu," anasema Kandida. "Mtu kama huyo utamfanyaje?"

Mavuno yakiisha, anakusudia kwenda Mkula, ambako mbwa wanakonda vibaya, akawafundishe akina mama kutwanga dawa wenyewe. Mwandishi anamuuliza: je, mume atabaki kulinda nyumba?

Kabla hajajibu, sauti laini inabisha hodi mlangoni. Ni Stefania, mjane jirani, amepaka mafuta mpaka anang'aa, paka kwapani. Donati amekwisha simama, anajipangusa magoti.

"Keti hapo, Baba Fulgensi," Kandida anamwambia mumewe, na mchi anautua chini kwa kishindo. "Paka huyo alikunywa juzi. Hana mnyoo hata mmoja."

Anamfuata Stefania mlangoni na kumpokonya paka.

"Mkula nakwenda naye," anamwambia mwandishi, bila kugeuka. "Nimwache hapa na nani? Na wewe Stefania, subiri nje na Kelestini. Paka hapa nashika mimi."