Edgar Thornby Aliyeitika

Usiniambie ni uchovu wa zamu. Hilo nimeshaambiwa na mume wangu, nimeambiwa na mchungaji, na shoga yangu mmoja wa Gulfton tangu nimsimulie hapokei simu zangu. Mimi ni muuguzi. Nimewauguza mahututi katika hospitali za Houston miaka mingi, nimeona watu wakikata roho mbele yangu, kisha nikarudi nyumbani Pearland nikala wali wangu na kulala fofofo. Sijawahi kuwa mtu wa kuona vivuli. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilizungumza na marehemu mchana kweupe, nyuma ya nyumba yangu, nivumilie hadi mwisho. Ukitaka kucheka utacheka baadaye.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Morogoro. Mume wangu Makokha ni Mkenya wa upande wa Kakamega. Kiswahili chake kilinichekesha tangu tukutane, na changu kilimfanya aseme naongea kama redio. Tulipendana hivyohivyo. Kitu kimoja tu sikukielewa kwake, nacho ni majivuno ya ukoo wao juu ya Mwingereza mmoja.

Mwingereza huyo aliitwa Edgar Thornby. Alikuwa daktari wa misheni, wa kwanza kufungua zahanati kwao, na vitabu vya historia vinamtaja. Ukimtembelea Makokha hata chai haijapoa utakuwa umeshaambiwa jinsi baba mzaa babu yake, Makokha wa kwanza ambaye yeye amerithi jina lake, alivyokuwa mkono wa kulia wa daktari, akiosha vidonda na kugawa dawa. Sasa, enzi hizohizo, palepale, kulikuwa na Edgar Thornby mwingine. Huyo naye Mwingereza, naye yumo vitabuni, lakini alikuwa kapteni, mchoma vijiji. Makokha alimtaja mara moja tu, akicheka. "Usitu-confuse na ule mwingine, babe. Sisi ni wa daktari."

Mwana wetu alizaliwa baada ya kungoja sana na kulia sana. Naye akazaliwa mliaji. Alikuwa analia hadi sauti inakauka, na madaktari hawakuona kasoro. Makokha akasema kwao hilo si ugonjwa, mtoto anadai jina. Kuna marehemu anataka aitwe kupitia kwake, basi huitwa wafu mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye mtoto atamnyamazia, jina ni lake. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata angeniambia tumpeleke mtoto mwezini ningefunga mizigo.

Tukampigia simu ya video shangazi wa baba yake Makokha, ambaye wao humwita Senge Ayuma. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la sukari. Bibi yule alikuwa anaita kwa utaratibu, na niliona kwamba kila marehemu alimtaja pamoja na alama yake: fulani wa ng'ombe wekundu, fulani aliyezikwa kando ya mto, fulani baba wa mapacha. Mtoto akalia kwa wote. Mwishowe Makokha akasema, "Senge, mwite Thornby."

Bibi akatikisa kichwa. "Huyo si damu yetu, mwanangu."

"Ni kama damu, Senge. Mwite tu."

"Haya. Edgar Thornby wa..."

Picha ikaganda. Mtandao bwana! Senge amebaki mdomo wazi kwenye kioo, mtoto analia, na Makokha subira hana. Akainama juu ya mtoto akaita mwenyewe. "Edgar Thornby! Edgar Thornby! Edgar Thornby!" Jina tupu, bila alama yoyote.

Mtoto akanyamaza palepale, kama bomba limefungwa. Akafumbua macho akatazama mlangoni. Makokha alitokwa na machozi ya furaha. Nami nilitazama mlango. Ulikuwa umefungwa, na hakukuwa na mtu.

Tangu siku hiyo hakulia tena. Hata sindano za chanjo hakuzililia. Mama yeyote ataniambia nilipaswa kushukuru, na kweli nilishukuru, lakini moyoni nilikuwa nasikia baridi. Mtoto asiyelia anakutazama tu, na wewe unajiuliza anakupima nini.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha, joto la Houston linapanda kutoka kwenye lami. Nilikuwa namsukuma mtoto kwenye kigari chake katika njia inayozunguka bwawa nyuma ya nyumba zetu. Mbele yangu alisimama mzungu mzee, kaptula ya kaki imepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Wazee wa kuvaa kaptula wamejaa Texas, hilo halikunishtua. Akasema, "Jambo, mama."

Utanielewa kama umewahi kuishi ughaibuni. Ukisikia Kiswahili mahali usipokitegemea, unafurahi kabla hujafikiri. Nikacheka kwa sauti. "Shikamoo, babu! Umejifunza wapi Kiswahili?"

Hakuitikia shikamoo yangu. "Hapana jifunza," akasema. "Mimi nasema, watu nafanya. Basi."

Kile kilikuwa Kiswahili gani? Kwetu sijapata kukisikia. Nilidhani ni uzee. Nikamuuliza kama anaishi jirani.

"Hapana. Mimi nakuja sababu naitwa. Bwana yako naita mimi mara mingi. Mtoto nasikia, nanyamaza. Mimi Edgar Thornby."

Nakuambia ukweli, jambo la kwanza nililohisi halikuwa hofu. Nilihisi nafuu. Nilijiambia, kama wafu wanatembea, basi huyu ni daktari, mtu wa Mungu. Nikamuuliza, "Wewe ndiye daktari?"

Akacheka, na cheko lile halikuwa na pumzi ndani yake. Mimi najua pumzi, ndiyo kazi yangu. Kifua chake hakikupanda wala kushuka.

"Daktari iko Thornby ingine. Watu nachanganya sisi kila siku. Mimi nachoma nyumba, yeye nafunga donda. Kazi nakwenda mzuri sana."

Ndipo nilipotazama chini. Njia nzima ilikuwa inachuruzika maji, viatu vyangu vimelowa, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, kavu. Nikataka kugeuza kigari, mikono ikagoma.

"Makokha, ile askari yangu," akaendelea, kana kwamba tunapiga soga, "mtu mzuri. Kiboko yake hapana choka. Sasa nanipa mtoto. Asante."

Akainama juu ya mwanangu. Na mwanangu, ambaye hakuwa amewahi kunichekea mimi niliyembeba, akamchekea yeye. Hilo ndilo lililoniuma hadi mikono ikafunguka. Nikapiga kelele, nikageuza kigari nikakimbia. Nilipotazama nyuma palikuwa na bwawa na bata tu. Lakini blanketi la mtoto lilikuwa linanuka moshi, moshi wa nyasi za paa. Nimelifua kwa kila sabuni ninayoijua, na nikilinusa leo bado linanuka.

Makokha alinisikiliza huku akinikanda mabega. "Babe, umechoka. Hizo shifts zitakumaliza. Chukua off." Sikubishana naye. Nilimsubiri atoke nikampigia Senge Ayuma.

Nilipomaliza kusimulia, bibi akavuta pumzi ndefu. "Nilitaka kumwita Thornby wa dawa," akasema, "aliyelala nyuma ya kanisa. Ndipo simu ikakata. Jina likiitwa tupu, mama, huitika yule aliye karibu zaidi na nyumba."

"Na kwa nini aliye karibu awe kapteni? Si mlikuwa watu wa daktari?"

"Ee mwanangu. Siku hizi nani atasema ni wa yule mwingine? Wazungu wale walikuwa wawili wa jina moja, na watoto walipouliza, kila mtu aliyebeba kiboko akasema alibeba dawa. Baba wa babu yenu alikuwa askari. Vijiji vile havikuchomwa na mzungu peke yake."

Nikamuuliza tufanye nini. Akasema mtu wa damu ile, aliyeita jina, asimame mbele za watu aseme ni Thornby yupi na nyumba yao ilimfanyia kazi gani. Akitajwa kwa matendo yake ataondoka, na mtoto atapata jina lingine. Mimi nisingeweza kulisema kwa niaba yao, mimi ni wa kuolewa.

Hicho tu! Maneno machache ya kweli. Nilimbembeleza Makokha kwa wiki nzima. Mwanzo alicheka, kisha akakasirika. "Unataka nisimame mbele ya watu niseme babu yetu alikuwa mtesaji? Mbele ya Wakenya wa Houston? Hiyo story si-tell mtu, na wewe usi-tell mtu." Nilimwambia mtoto wetu ndiye atakayelipa. Akaniambia Watanzania tunapenda mambo ya uchawi.

Sherehe ya kumshukuru Mungu kwa mtoto ilifanyika Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa, pilau na chapati na mbuzi wa kuchoma. Makokha akapewa kipaza sauti. Akaniangalia, nami nikamtazama kwa macho yote niliyonayo. Niliona midomo yake ikifunguka. Naapa alikuwa karibu kuusema ukweli. Kwa nukta ile nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Akasema, "Mwanangu anaitwa Edgar Thornby, kwa heshima ya daktari aliyeleta mwanga kwetu, na ya mzee wetu aliyekuwa mkono wake."

Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa, karibu na meza ya vyakula, mzee mwenye soksi ndefu naye alikuwa anapiga makofi, taratibu, na viganja vyake havikutoa sauti. Mtoto mikononi mwangu akaruka kwa furaha kumwelekea.

Sijamsamehe Makokha, na sitaki uniambie nimsamehe. Alipewa kuchagua kati ya mwanawe na hadithi ya kusimulia kwenye chai, akachagua hadithi. Tumeachana; sasa anaishi mbali, Richardson, anafanya kazi kwenye ofisi za kompyuta, na nasikia bado anawasimulia watu juu ya daktari. Mimi nimebaki Pearland na mtoto. Nilimwita jina la baba yangu, hageuki. Nilimwita kwa majina ya nyumbani, ya mapenzi, hageuki. Ukisema Thornby, anageuka.

Basi wewe unayetaka kumpa mwanao jina la mkubwa fulani wa vitabuni, usiite jina tupu. Uliza kwanza wako wangapi wa jina hilo. Uliza wenu alikuwa yupi, na wazee wenu walimshikia nini mkononi. Wakikujibu haraka mno, uliza tena.

Unajua kwa nini nimeamua kusema leo? Mwanangu ana miaka mitatu. Ni mtoto wa hapa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na sijawahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili hata moja. Jumapili nimerudi kutoka kazini, nimejitupa kitini, miguu imevimba. Alikuwa amesimama juu ya kochi, soksi zake amezivuta hadi magotini. Akaninyooshea kidole.

"Wewe! Hapana kaa. Leta maji. Upesi."

Ningemchapa, ningelia, ningemkumbatia, sijui. Lakini nilipojitambua nilikuwa nimeshasimama jikoni, glasi mkononi, maji yanafurika, na mdomo wangu unasema, "Ndiyo, bwana."